Kile Kile, au Mithili Yake?

Mwalimu mmoja wa mtaa ametuletea swali, nasi tumekaa nalo miezi miwili kabla ya kulijibu, maana tuliona si jepesi kama lilivyoandikwa. Katika mtaa wake mtunza hazina alikuwa na sadaka ya Jumapili nyumbani kwake, shilingi 40,000, akingoja siku ya kuipeleka usharikani. Fedha hizo zilikuwa ndani ya mfuko uliofungwa kwa kamba, pamoja na karatasi ya hesabu iliyotiwa sahihi na wazee wawili. Jumanne usiku mtoto wake akashikwa na homa kali. Yule baba akaufungua mfuko, akazitwaa fedha, akampeleka mtoto hospitali, akalipa. Siku ya Ijumaa akauza ndizi zake, akarudisha shilingi 40,000 katika mfuko ule ule, akaufunga. Jumamosi fedha zikahesabiwa, wala haikupungua hata senti moja.

Jambo hili lisingalijulikana kamwe kama mwenyewe asingalilisema. Lakini alilisema mbele ya wazee wa kanisa, maana moyo wake haukutulia. Ndipo wazee wakagawanyika. Wengine walisema: Ameiba, amevunja amri ya saba. Wengine wakasema: Ameiba nini? Shilingi ni shilingi. Noti zile hazikuwa na jina la mtu. Aliyepungukiwa ni nani, mtuonyeshe! Basi mwalimu atuuliza, wenye haki ni wapi?

Twaomba wasomaji wetu watuvumilie tukianza mbali kidogo, maana neno hili, shilingi ni shilingi, lina mizizi mirefu, wala si neno la kipumbavu.

Tuanze na lugha yetu. Kiswahili kina maneno mawili, kuazima na kukopa. Mtu huazima jembe, huazima ngoma, huazima baiskeli. Lakini hukopa fedha. Tofauti yake ni nini? Aliyeazima jembe hulima nalo, kisha hurudisha jembe lile lile, na mpini wake ule ule. Aliyekopa shilingi haweki shilingi zile ndani mpaka siku ya kulipa. Angefanya hivyo, mkopo ungemfaa nini? Huzitumia, zikaenda sokoni, naye hulipa nyingine zilizo sawa nazo. Ni kweli kwamba jirani husema, niazime chumvi, wala hakuna amngojeaye arudishe chembe zile zile. Lugha ya jikoni haipimwi kwa mizani ya mahakama. Hata hivyo jirani wote wawili wajua kinachorudi: chumvi ya kadiri ile ile. Waswahili wa pwani walipokea kutoka kwa Waarabu maneno mengine ya mambo haya, kama karadha, amana na rehani, na kila neno lina mpaka wake. Twasikitika tukiona siku hizi watu wayachanganya yote kama maji na maziwa.

Vitu vya namna ya fedha, mahindi, mafuta na chumvi, ambavyo kimoja chaweza kusimama mahali pa kingine pasipo mtu kudhulumiwa, sisi hapa tutaviita vitu vya mithili. Wanasheria wa Rumi ya zamani walivijua sana. Gayo, aliyeandika kitabu chake cha sheria katika karne ya pili baada ya Kristo, alisema ni vitu vinavyotolewa kwa kupima uzito, kwa kuhesabu, au kwa kipimo cha chombo. Tena alieleza kwamba jina la mkopo wa vitu hivi katika lugha yao lina maana ya changu kuwa chako. Tuyashike maneno hayo, maana ndiyo kiini cha shauri. Nikikuazima jembe, jembe ni langu hata likiwa begani mwako. Nikikukopesha debe la mahindi, mahindi ni yako tangu yalipoingia ghalani mwako. Mimi ninalo deni lako tu. Likitokea jambo lisilozuilika, Warumi walitenganisha. Jembe la kuazima likichukuliwa na mafuriko pasipo uzembe wako, hasara ni yangu, mwenye jembe. Mahindi ya mkopo yakiungua usiku ule ule, hasara ni yako, nawe wanidai huruma tu, si haki. (Torati yenyewe ilikuwa kali zaidi kwa mwenye kuazima mnyama, someni Kutoka 22, mstari wa 14.) Kwa hiyo anayepewa ruhusa ya kurudisha mithili apewa na mzigo wake: hatari yote huhamia kwake.

Walimu wataona jambo hili vizuri wakifungua Kitabu cha Pili cha Wafalme. Katika sura ya 6 wanafunzi wa manabii wakata miti kando ya Yordani, na chuma cha shoka la mmoja chaanguka majini. Kilio chake si juu ya bei ya chuma. Alia kwa sababu shoka ni la kuazima. Elisha hamtumi kwa mhunzi kutafuta jingine. Chuma kile kile chaelea, naye akinyosha mkono akitwae. Lakini rudini nyuma hadi sura ya 4. Mjane yuko na deni, na mwenye kumdai ataka kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Nabii amwagiza aazime vyombo vitupu kwa jirani, avijaze mafuta. Ndipo aambiwa auze mafuta na kulipa deni. Katika nyumba moja, siku moja, zipo namna zote mbili: vyombo ni vya watu na havikuwa vyake hata vilipojaa, lakini deni lilipwa kwa fedha ya mafuta, wala hakuna aliyeuliza fedha hiyo ilitoka wapi. Hatujui kama mwandishi alikusudia kutufundisha sheria. Twaona tu kwamba aliijua.

Na huku kwetu? Katika nchi ya Kilimanjaro wazee walikuwa na desturi ya kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine amfuge, na mmisionari Bruno Gutmann aliandika mengi juu ya mambo ya namna hiyo katika kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926. Mfugaji alipata maziwa na mbolea ya migomba. Ng'ombe na ndama walibaki wa mwenyewe. Hakuna mfugaji aliyethubutu kusema, ng'ombe ni ng'ombe, nimemchinja wako, mchukue huyu wangu. Ng'ombe ana rangi, ana mama yake, watu wamjua. Lakini katika mlima ule ule kahawa ilifundisha watu jambo la pili. Wakulima walifanya chama chao mwaka 1925, kisha mwaka 1933 ushirika mkubwa wa KNCU ukaundwa. Mkulima aliyepeleka kahawa yake katika chama cha msingi aliiona ikipimwa, ikapangwa daraja yake, ikamwagwa pamoja na ya wengine. Tangu hapo hakuweza kusema, gunia lile ni langu. Alipewa malipo ya kwanza, na kahawa ilipokwisha kuuzwa akangoja mengine. Kahawa yake ilikuwa imegeuka kuwa hesabu.

Hapo twaona jinsi mithili inavyodai uaminifu kupita kitu kinachojulikana kwa sura. Anayeleta jembe bovu mahali pa jembe zuri hushikwa papo hapo. Anayechanganya kahawa mbichi na kavu, au anayetia mawe chini ya gunia, hushikwa na nani? Lundo humficha, na hasara hugawanywa kwa wote kidogo kidogo, hata kila mmoja huona haimpasi kulalamika. Babu zetu wa pwani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichwa. Mtu aliyekopesha kwa mfuto akadai kwa tele aliitwa kibaba chake kibaba, na hali vilikuwa viwili. Gunia la lumbesa ni mjukuu wa kibaba hicho.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Kipimo kikiwa sawa kabisa, je, kitu ni sawa? Mtu akikopa debe moja la mahindi mwezi wa njaa, na kulirudisha debe moja wakati wa mavuno, kipimo hakikupungua, bali debe la kwanza liliokoa watoto, na la pili halipati mnunuzi. Fedha nazo ni hivyo. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 serikali ya Wajerumani ilikosa fedha kutoka Ulaya, ikatoa noti za karatasi zilizochapishwa huku huku, na mwaka 1916 ikagonga sarafu za shaba kule Tabora. Juu ya karatasi iliandikwa rupia, kama ilivyoandikwa juu ya fedha halisi. Lakini serikali iliyoziahidi ilipoondoka, mwenye kukopesha rupia za fedha na kulipwa karatasi alijua tofauti ya jina na kitu. Kule Kenya mambo yalikwenda kinyume: kabla ya vita ile rupia ilihesabiwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza, na mwaka 1920 ikafungwa kwa shilingi mbili, hata wenye madeni wakajikuta wadaiwa nusu zaidi ya walichokopa, pasipo kuongezewa rupia hata moja.

Dr. Martin Luther aliwaandikia wachungaji mwaka 1540 wahubiri dhidi ya riba, na fundisho lake juu ya mkopo ni fupi: anayekopesha na kudai kilicho zaidi, au kilicho bora, huyo atoza riba. Twaomba mlitazame lile neno la pili. Si wingi tu, hata ubora. Alijua kwamba mtu aweza kurudishiwa kadiri ile ile na bado akawa amemla ndugu yake. Swali la faida ya benki hatuliingii leo. Ni kubwa, nalo litatutoa katika njia.

Turudi sasa kwa mtunza hazina. Wazee wale waliosema shilingi ni shilingi wana wakili mkubwa kuliko wanavyodhani. Katika mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya Kaisari Justiniano mwaka 533 yamo maneno ya mwanasheria Alfenus Varus, aliyekuwa konsuli mwaka 39 kabla ya Kristo. Watu wengi walipakia nafaka yao katika merikebu ya mtu mmoja aitwaye Saufeius, yote ikamwagwa pamoja. Saufeius akampa mmoja wao fungu lake kutoka katika lundo lile. Baadaye merikebu ikazama. Wale wengine wakauliza kama waweza kumshtaki kwa kumpa mwenzao nafaka iliyokuwa yao. Alfenus akajibu kwamba hawawezi. Kama nafaka ya kila mtu ingewekwa mbali, katika gunia au pipa lake, ingebaki yake. Lakini ilipomwagwa pamoja ilikuwa ya mwenye merikebu, naye alidaiwa kadiri, na kujibu kwa uzembe wake tu. Na katika jibu hilo hilo asema habari ya amana: mtu akiweka fedha kwa mwingine kwa kuzihesabu tu, bila kuzifunga wala kuzitia muhuri, yule mwingine hadaiwi ila kadiri ile ile.

Bila kuzifunga wala kuzitia muhuri! Hapo ndipo shauri linapogeuka. Ule mfuko wa sadaka ulikuwa umefungwa, na karatasi ya wazee wawili ndani yake. Ile kamba haikuwa kwa ajili ya panya. Ilisema: hizi hukupewa zitumike na kurudi, hizi ulipewa zikae. Wale wazee hawakumkopesha, walimwekea amana. Fedha ni kitu cha mithili kwa desturi yake, lakini mwenyewe aweza kuifanya kuwa kitu kile kile kwa kuifunga, kama vile mtu akuonyeshaye sarafu ya babu yake hakukupa ya kununulia sukari. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, yule wa tatu alirudisha kile kile alichopewa, bila kupungua, naye akahukumiwa, maana bwana wake alitaka zifanyiwe biashara. Yeye alifanya amana pale alipotakiwa kufanya biashara. Mtunza hazina wetu alifanya mkopo pale alipowekewa amana. Wote wawili waliamua peke yao juu ya kisicho chao.

Na hili ndilo tunaloliona kuwa kosa, wala si hesabu. Mkopo una watu wawili. Mmoja huomba, mwingine hukubali au hukataa, na akikubali ajua ameiweka mali yake katika hatari. Jumanne usiku ule mtunza hazina alikuwa mwombaji na mkopeshaji pia, alijiuliza, akajijibu. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa mtaa wote ulikuwa umemkopesha mtu, wala haukujua. Ndizi zingekosa mnunuzi, au yeye mwenyewe angekufa Alhamisi, watu wangefungua mfuko na kukuta karatasi ya hesabu peke yake, na mjane wake angeitwa mke wa mwizi. Kurejea kwa shilingi 40,000 kunaonyesha kwamba hatari haikutimia. Hakuonyeshi kwamba haikuwako.

Je, tumwite mwizi? Sisi hatuthubutu. Mwizi hutwaa akiwa na nia ya kutorudisha, na huyu alirudisha, tena alisema pasipo kuulizwa. Walawi sura ya 6 yaagiza kwamba aliyedanganya katika amana arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mzee mmoja, kama tulivyoandikiwa, alitaka alipishwe shilingi 8,000 kwa sheria hiyo. Lakini sheria ile yasema juu ya mtu aliyekana na kuapa uongo, na huyu hakukana. Twamsihi mzee yule aisome tena. Lakini kusema hakukosa kitu, hilo nalo hatulikubali. Alivunja amana, na amana iliyovunjwa kisha ikaunganishwa hubaki na alama, hata kama macho hayaioni.

Wengine watasema, kwa nini kusumbuka, na siku hizi sadaka nyingi hutumwa kwa simu, hakuna mfuko wala kamba? Ndiyo sababu tumeandika kwa urefu. Sadaka ikiingia katika simu ya mtunza hazina, pamoja na mshahara wake na fedha za shangazi yake, hiyo ni nafaka ya Saufeius. Hata yeye mwenyewe hawezi kuonyesha shilingi ya kanisa ni ipi. Akinunua sabuni, amenunua kwa ya nani? Usharika usioweka namba yake wenyewe umemwaga nafaka yake katika lundo kwa mkono wake, kisha washangaa ikisafiri na merikebu ya mtu.

Jambo moja limebaki, nasi tulitaka kuliacha lakini haliachiki. Katika Marko 12 Bwana Yesu aliketi kuielekea sanduku ya hazina. Matajiri walitia nyingi, mjane maskini akatia senti mbili ndogo. Zilipokwisha kuanguka ndani, kwa sheria yoyote ya Rumi zilikuwa sawa na nyingine. Hakuna mshika hazina wa hekalu ambaye angeweza kuzitenga. Yeye alizitenga. Alijua zilitoka mkono gani, na kwamba nyuma yake hapakubaki kitu. Sasa fikirini mfuko wa ule mtaa. Ndani ya shilingi 40,000 huenda zilikuwamo shilingi 500 za mama aliyelala na njaa. Yule baba aliporudisha fedha za ndizi zake, alirudisha kadiri. Shilingi 500 zile alizokwisha kuzilipa dirishani hospitali hakuzirudisha, wala hakuna awezaye. Lakini je, yule mama, kama angeulizwa Jumanne usiku, angekataa zisimwokoe mtoto? Hatudhani. Mno twaogopa kwamba angefurahi, na kwamba alinyimwa furaha hiyo kwa kutoulizwa.

Na hapa neno letu lawahusu wazee nao. Tulipomwandikia mwalimu tulimtaka amwulize mtunza hazina swali moja tu: usiku ule, nyumba ya mzee wa kanisa ilikuwa mbali kiasi gani? Jibu lilikuja kwamba ni nyumba ya tatu kutoka kwake. Akaulizwa kwa nini hakubisha hodi. Alisema mwaka uliotangulia mtu mwingine alikwenda kuomba msaada wa mgonjwa, na habari zake zikasemwa kisimani mwezi mzima.

Mwalimu ametuandikia tena juzi. Wazee walikaa jioni mbili. Sanduku la mtaa sasa lina kufuli mbili, na funguo ziko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Wametenga fungu dogo la wagonjwa, linaloombwa kwa mzee mmoja tu, naye hana ruhusa ya kutaja jina. Mtoto amepona. Mtunza hazina wamemwacha katika kazi yake.